Kuwapo na Kuwamo: Onyesho la Usa River na Istilahi Zake

Mwaliko uliofika mezani kwangu ulikuwa wa ukurasa mmoja tu. Ulisema kwamba wananchi wote wanakaribishwa Usa River kuwa watazamaji wa “thieta ya kuzamisha ya mahali maalumu.” Niliusoma mara mbili, na kila mara neno lile la kuzamisha lilinikwama kooni. Walakini nilikwenda, kwa maana mtu wa istilahi asiyekwenda kuiona dhana inavyotenda kazi yake hana tofauti na fundi cherehani anayekata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji.

Makala haya yanakusudia kulihakiki onyesho lenyewe pamoja na maneno yaliyotumiwa kuwaitia watu. Mambo hayo mawili hayatenganiki kwa urahisi. Kasoro kubwa ya onyesho lile, kama nitakavyojaribu kueleza, ilianza katika karatasi ya mwaliko kabla mwigizaji yeyote hajafungua kinywa. Na sifa yake kubwa haikuwa na jina katika karatasi hiyo.

Kisa kilichoigizwa ni kile cha ardhi ya Wameru. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakaamriwa kuhamia Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaliweka shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu juu ya shauri hilo. Katika kisa kama hiki mahali si pambo la onyesho. Mahali ndicho kitu chenyewe kilichogombewa.

Tulikusanyika Leganga, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, watu hamsini hivi: walimu, wanafunzi, akina mama waliotoka sokoni, na wageni wachache waliotoka mjini Arusha. Kila mmoja wetu alipewa kadi yenye namba, tukaambiwa kwamba namba ile ni ya kaya na kwamba tusiipoteze. Kisha tuliongozwa kwa miguu, tukifuata mfereji chini ya migrivea, hadi katika uwanja wa kuanikia kahawa wa shamba moja la zamani. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vingalipo, vingine vimeoza miguu. Nyuma yake lilikuwapo ghala la mawe lenye paa la bati.

Sehemu ya kwanza ilichezwa uwanjani. Kijana aliyevaa kaptura na kofia ngumu alipanda juu ya kichanja, akiwa ndiye Bwana Shauri, akatusomea amri ya kuhama. Sauti yake ilikuwa nzuri, na utulivu wake ulitisha kuliko makelele. Lakini hapana budi kusema kwamba Bwana Shauri huyu wa mwaka 1951 alitamka “changamoto” mara tatu na “wadau” mara moja. Maneno haya mawili ni watoto wa semina za juzi. Kila lilipotamkwa mojawapo, mimi nilijikuta nimerudi katika ukumbi wa mikutano wenye chupa za maji mezani. Onyesho linalotaka kumpeleka mtu mwaka 1951 lina wajibu wa kuchunga msamiati wake kama linavyochunga kofia na kaptura, na tena zaidi, kwani kofia iliyokosewa huonekana na wachache, bali neno lililokosewa husikiwa na wote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo limenifanya niandike. Kati yetu na kichanja palikuwa na kamba ya katani, na kando yake kijana wa kikundi, mwenye kitambulisho shingoni, kazi yake kuzuia watu wasivuke. Mzee mmoja, aliyekuja na mjukuu wake, alivuka. Kijana akamfuata kwa adabu.

“Shikamoo mzee. Samahani mzee wangu, watazamaji ni nyuma ya kamba.”

“Marahaba. Mimi si mtazamaji,” akajibu yule mzee. “Mimi nilikuwapo.”

Hakusema kwa hasira. Alieleza kwamba siku zile alikuwa mtoto wa miaka sita, na kwamba katika kuhama yeye alibebeshwa mwanambuzi kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubeba kitu kingine. Akasimama pale pale, mbele ya kamba, akimwangalia Bwana Shauri. Mwigizaji aliyekuwa askari alivua kofia akamwamkia. Bwana Shauri alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kusoma amri yake kwa sauti iliyokuwa imepungua.

Baadhi ya wenzangu waliona kwamba mchezo uliharibika. Mimi sikubaliani nao. Kilichoharibika ni mpango wa kikundi, na mpango huo ulistahili kuharibika, maana ulikuwa umemwita mzee yule kwa jina lisilo lake. Karatasi ilimwita mtazamaji, na kamba ikafuata karatasi. Neno hili mtazamaji lina mahali pake: uwanja wa mpira una watazamaji, televisheni ina watazamaji. Ni mtu ambaye macho yake yako kazini na mwili wake umeambiwa utulie. Lakini huwezi kumpa mtu namba ya kaya, ukamtembeza kando ya mfereji, ukamsomea amri ya kumfukuza, kisha ukamwambia kwamba kazi yake ni kutazama.

La ajabu ni kwamba neno lifaalo tunalo siku zote. Hadhira, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, halina jicho wala sikio ndani yake. Ni ndugu wa kuhudhuria, mahudhurio na hadhara, na maana ya shina lake ni kuwapo mahali. Kila mwalimu anayeita majina kwa daftari la mahudhurio anaijua maana hii hata kama hajaifikiria: mwanafunzi hamjibu “natazama,” humjibu “nipo.” Tumezoea kulitumia neno hadhira katika vitabu vya fasihi kama jina jingine tu la wasikilizaji au wasomaji, hata makali yake yamesagika. Mzee wa Usa River aliyarudisha bila ya kulitamka neno lenyewe. Napendekeza basi kwamba katika sanaa za maonyesho neno mtazamaji libaki kwa yule anayetazama tu, na kwamba aliyehudhuria kwa mwili wake, akahama pamoja na onyesho, aitwe mhudhuriaji, na wengi wao waitwe hadhira.

Sehemu ya pili ilichezwa ndani ya ghala, na hapa nalisifu onyesho bila ya kusitasita. Tuliingizwa kumi kumi, kwa kufuata namba za kadi. Mlango ulifungwa. Mlikuwa na giza, na harufu ya maganda ya kahawa iliyochanganyika na moshi. Juu yetu bati lilianza kugongwa na kukwaruzwa, kama paa linaloezuliwa, na kutoka mbali zikasikika kengele za ng'ombe. Katika giza hilo wanawake, ambao hatukuwa tumejua kwamba wamo, walianza kusemezana kwa Kimeru karibu kabisa na masikio yetu: nani achukue mbegu, nani amshike bibi mkono. Mimi sikijui Kimeru. Jirani yangu ndiye aliyenifasiria baadaye. Lakini pale pale nilielewa kwamba mambo yanaamuliwa harakaharaka na watu wasiokuwa na nafasi ya kulia. Mwanamke mmoja alinishikisha kibuyu, akaniachia. Nilitoka nje nacho bila ya kujua nikiweke wapi. Yule mzee hakuingia ghalani. Nilimkuta amekaa juu ya kichanja, mjukuu wake kando yake, wakila ndizi.

Sehemu ya tatu, ambamo kijana mwingine alikuwa Kirilo Japhet akihutubia New York, ilikuwa hotuba iliyohifadhiwa kwa moyo na haina mengi ya kuelezwa. Tulisimama tu, tukapiga makofi.

Sasa tuzirudie istilahi. Kuzama ni kitenzi kizuri, na Kiswahili kimekwisha kukipa maana ya kitamathali: mtu huzama katika mawazo, huzama katika kazi yake. Lakini kauli ya kutendesha haijaifuata maana hiyo. Kinachozamishwa ni chombo, na watu waliomo huenda nacho. Katika nchi iliyowazika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, sioni ni mtafsiri gani aliyesoma kwa sauti alichokiandika angeweza kumwalika mwananchi katika jambo la kuzamisha. Wengine wamejaribu kukwepa kwa kusema “thieta ya kuzamia.” Hapo tumetoka majini tukaingia matatani, maana mzamiaji ni yule apandaye meli kwa kujificha, na siku hizi pia ni yule aingiaye harusini bila ya kadi.

“Mahali maalumu” halitishi kama kuzamisha, ila halisemi kitu. Kila onyesho lina mahali maalumu. Hata mkutano wa harambee una mahali maalumu, na saa maalumu pia. Dhana inayotakiwa ni nyingine: onyesho ambalo ukilihamisha limekwisha, kwa sababu mahali penyewe ni sehemu ya maneno yake.

Kosa kubwa zaidi la karatasi ile, hata hivyo, ni kuziunganisha dhana mbili kana kwamba ni moja. Kuna dhana ya mahali ambapo hapabadilishwi na pengine, na kuna dhana ya hadhira kuwekwa ndani ya jambo. Hizi zaweza kuandamana, lakini si lazima. Na hapa sarufi yetu imetangulia mbele yetu kwa umbali ambao unatupasa kuona haya. Mzungumzaji wa Kiswahili asemaye “ghalani pana giza” hasemi sawasawa na yule asemaye “ghalani mna giza.” Wa kwanza ameonyesha pahali, wa pili ameingia. Ngeli ya PA inaonyesha mahali panapojulikana, ngeli ya MU inaonyesha undani. Tunawafundisha watoto tofauti hii darasani, tunawasahihishia kwa wino mwekundu, kisha tukipewa dhana mbili zilizotofautiana kwa namna hiyo hiyo tunakimbilia “maalumu” na “kuzamisha.”

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. Kwa dhana ya kwanza, onyesho la mahali pake. Istilahi hii ni nyepesi kutamka, na haibadiliki katika wingi: maonyesho ya mahali pake. Kwa dhana ya pili, onyesho la kuwamo. Niliwahi kufikiria “onyesho la kuingiwa,” nikaliacha, kwa sababu aingiwaye kwa Kiswahili huingiwa na hofu au na pepo; na “onyesho la ndani” litachukuliwa kuwa ni lile lisilonyeshewa mvua. Kuwamo lina faida ya kuwa tayari limo katika vinywa vya watu, tena kwa maana hii hii. Tukisema kwamba fulani naye yumo katika jambo, hatusemi tu mwili wake uko wapi, twasema kwamba jambo lile haliwezi kuelezwa bila yeye.

Tukizitumia istilahi hizi mbili kama mizani, hukumu juu ya onyesho la Usa River yapatikana bila taabu. Lilikuwa onyesho la kuwamo lililofaulu, na onyesho la mahali pake lililoshindwa. Ghala lile lingeweza kuwa ghala lolote lenye giza. Kisa ni cha Engare Nanyuki. Uwanja ulikuwa wa Usa River. Njia ya kwenda Ngare Nanyuki, kama inavyoandikwa siku hizi, inaanzia hapo hapo Usa River na kupita penye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na wahamishwa wenyewe na watoto wao wanaishi katika nchi ile. Niliambiwa kwamba uwanja wa kahawa ulichaguliwa kwa sababu uko karibu na lami na wageni hawatachelewa kurudi mjini. Hiyo ni sababu ya kweli, na si ya kudharauliwa na mtu ambaye hakulipia nauli ya kikundi. Lakini isiitwe mahali maalumu. Kilichokuwa cha mahali pake siku ile kilikuwa ni kile alichokileta mzee wa watu katika mwili wake mwenyewe, nacho kiliwekewa kamba.

Huenda msomaji akauliza kama dhana hizi si za kigeni, na kama haitoshi kuziacha na majina ya kwao. Naomba atazame Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa makuti ya migomba, kibanda huchomwa moto na aliye ndani hutoroka, wanawake huimba wakizunguka. Hapana jukwaa, na jambo lile haliwezi kuhamishiwa Dar es Salaam likabaki lilivyo. Atazame pia jando, na kumbi walimokaa wana wa jando, ambamo aliyeingia hakutoka vile vile alivyoingia. Sisemi kwamba mila hizo ni mchezo wa kuigiza. Wenyewe watakasirika, na watakuwa na haki. Nasema kwamba watu waliozijua hawana haja ya kuazima neno la kumweleza mtu aliyemo.

Wala si mila peke yake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, watu wakirekebisha maneno ya mchezo unaowahusu, katika ardhi ile ile iliyosimuliwa. Serikali ya wakati huo ilifuta kibali cha mikusanyiko, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, ambako maigizo na majadiliano yalikwenda pamoja. Kazi ya namna hiyo imezoeleka kuitwa shirikishi, nalo ni neno zuri. Lakini tusilipe mzigo wa dhana zote tatu. Mtu aweza kuwamo pasipo kushiriki. Sleep No More, onyesho la kikundi cha Kiingereza Punchdrunk lililochezwa New York tangu 2011 hadi mwanzoni mwa 2025, liliwatembeza watu katika vyumba vya jengo zima, kila mmoja akiwa amevaa barakoa na amekatazwa kusema. Walikuwamo kabisa, na hawakuwa na sauti hata kidogo. Sisi ghalani tulikuwa karibu na hali hiyo, ukitoa kile kibuyu.

Tofauti hizi si za wanasarufi tu. Kiongozi wa kikundi alinieleza kwamba alipokwenda kuomba kibali katika ofisi moja, fomu ilimtaka ataje jina la ukumbi na idadi ya viti vya watazamaji. Akaandika kwamba ukumbi hakuna na viti hakuna. Fomu ikarudishwa kwa kuwa haijakamilika. Mara ya pili aliandika “ghala” na “viti 50,” ikapita. Kwa hiyo yako maandishi ya serikali yanayosema kwamba watu hamsini waliketi ghalani kutazama, wakati ambapo hakuna aliyeketi, hawakuwamo wote kwa pamoja, na mmoja wao hakuingia kabisa. Maofisa wanaotunga fomu za namna hii wangeweza kuweka “mahali pa onyesho” badala ya jina la ukumbi, na “idadi ya hadhira” badala ya viti, pasipo gharama yoyote isipokuwa ya wino.

Limebaki neno moja ambalo sijalipata. Yule kijana wa kamba, pamoja na wenzake waliotutoa Leganga na kutuingiza kumi kumi, hawana jina la kazi yao. Karatasi iliwaita “waongoza watazamaji,” jina ambalo kwa sababu nilizozieleza halifai. Mwelekezi ni baridi mno na linafanana na kibao cha barabarani. Kungwi lina joto na linajua maana ya kumwingiza mtu mahali, ila lina kazi yake tayari na sidhani kwamba wenyewe wako radhi kuliazimisha. Mshenga, lililopendekezwa na mwenzangu mmoja ofisini, liliwachekesha watu wa chumba kizima, na bado linanirudia. Wasomaji wa pwani na wa Unguja, pamoja na wale wa Meru wanaojua jina la mtu aliyewatangulia vijana njiani katika mila zao, wanaombwa waandike kwa Mhariri wakitaja neno, mahali linapotumika, na sentensi moja walau walivyolisikia likisemwa.